Kabla ng'ombe hajauzwa kwa ajili ya sayansi ya ubongo

Mama mmoja wa Chebunyo, kule Chepalungu, alinitolea barua kutoka ndani ya daftari la maziwa. Daftari lenyewe ni lile la ushirika: tarehe, lita za asubuhi, lita za jioni, sahihi ya karani. Barua ilikuwa ya binti yake, ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha Marekani asomee shahada ya kwanza ya sayansi ya ubongo na neva. Chini ya pongezi waliandika kwamba chuo kitalipa nusu ya gharama. "Mwalimu," akaniuliza, "nusu ni pesa ngapi?"

Tukahesabu pamoja nyuma ya daftari. Chuo cha binafsi Marekani ambacho karo, malazi na chakula vinafika dola 60,000 kwa mwaka ni cha kawaida siku hizi. Nusu yake ni dola 30,000. Dola ikiwa karibu shilingi 130, hizo ni shilingi 3,900,000 kwa mwaka mmoja, na shahada ni miaka minne. Sasa chukua ng'ombe anayetoa lita 8 kila siku bila kukauka hata mara moja, maziwa yanunuliwe kwa shilingi 45 lita. Ataingiza shilingi 131,400 kwa mwaka. Kwa hiyo nusu ile ni maziwa yote ya ng'ombe 30 hivi, kabla hujanunua chumvi, dawa ya kupe, wala nyasi za kiangazi, na kiangazi cha Chepalungu tunakijua. Mama ana ng'ombe watatu.

Binti huyu hakuota tu. Mdogo wake ana kifafa, naye amekua akimshikilia kichwa anapoanguka. Anataka kujua kinachotokea humo ndani. Fani yenyewe ina mizizi kwetu: chama cha wanasayansi wa neva barani Afrika, SONA, kilianzishwa Nairobi mwaka 1993. Huko Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989 kimefuatilia kwa miaka mingi degedege, malaria inayopanda kichwani na kifafa cha watoto. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kina taasisi ya ubongo na akili. Kazi ipo, na tunaihitaji sana. Ninachopima hapa ni njia ya kuifikia na bei ya njia hiyo.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili: shahada ya kwanza ya sayansi ya ubongo haimfanyi mtu daktari wa ubongo. Hospitali, iwe Longisa au Tenwek, huajiri mhudumu kwa leseni. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki na baraza lake, daktari na baraza la madaktari, KMPDC, mtaalamu wa maabara na bodi yake. Mwenye shahada hii peke yake hana mlango wowote kati ya hiyo. Hawezi kumwandikia mgonjwa dawa ya kifafa. Hata ualimu wa TSC, tume ya walimu, unamtaka awe na mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundisha. Mara nyingi anachoanza nacho ni usaidizi wa utafiti, kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili unaotegemea fedha za mradi. Kazi ya mtafiti kamili huja baada ya uzamili na uzamifu, yaani miaka mingine sita au zaidi.

Basi anayechagua kozi hii anachagua shahada mbili au tatu. Swali la deni lazima liulizwe hivyo: nani atalipia ya pili?

Nyumbani hesabu ni nyingine kabisa. Kozi yenye jina hilo hasa ni nadra katika vyuo vyetu, lakini biokemia, fiziolojia na biolojia zinaweka msingi uleule, na Chuo Kikuu cha Moi kina shahada ya saikolojia ya tiba. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, na makundi matano yaliyotangazwa mwaka 2024, familia isiyo katika kundi la chini kabisa, yenye kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 23,670, iliwekwa kundi la pili: serikali ilifadhili asilimia 60 ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 30, nyumba asilimia 10. Juu yake kulikuwa na shilingi 55,000 kwa mwaka za kujikimu.

Tuseme kozi inagharimu 250,000 kwa mwaka, kwa viwango hivyo. Mama atatoa 25,000. Mkopo wa karo ni 75,000. Zile 55,000 za kujikimu, ambazo vijana wengi huzipokea kama zawadi na kuzinunulia simu, nazo ni mkopo. Jumla ya mkopo ni 130,000 kwa mwaka, au 520,000 kwa miaka minne. Kwa riba ya asilimia 4, ukilipa kwa miaka kumi, ni karibu 5,300 kila mwezi. HELB huanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe umepata kazi au hujapata, na anayekaa kimya hutozwa faini ya 5,000 kwa mwezi. Faini inakaribia kulingana na malipo yenyewe. Ukikosa kazi, waandikie mapema, usijifiche.

Makundi haya yamefika mahakamani. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo unakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo mwaka 2025. Kwa hiyo angalia viwango vya mwaka wako kabla ya kujaza fomu.

Kipimo changu ni kimoja: mkopo wote usizidi mshahara wa mwaka mzima wa kazi ya kwanza. Anayeanza na 45,000 kwa mwezi hupata 540,000 kwa mwaka. Deni la 520,000 linapita, kwa kubana. Nusu ile ya Marekani ni dola 120,000 kwa miaka minne, na mshahara wa kuanzia wa msaidizi wa maabara huko kwa kawaida haufiki hata nusu ya hapo. Mwanafunzi mgeni hapati mikopo ya serikali ya Marekani. Visa yake inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo. Akihitimu sayansi ana miezi 12 ya kazi, na mingine 24 akipata mwajiri anayekubalika. Baada ya hapo anaweza kurudi na deni la dola la kulipa kwa shilingi. Tumeona wenzetu wa Uasin Gishu waliolipa fedha ili watoto wasome Ufini na Kanada kupitia mpango wa kaunti: mwaka 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao.

Sisemi Marekani isiguswe. Tangu mwaka 2004, mpango wa KenSAP, ulioanzishwa na watu akiwemo mwanariadha Mike Boit, umewapeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo vikubwa vya Amerika Kaskazini, na vyuo hivyo huwalipia kadiri ya uhitaji wa familia, si nusu kwa wote. Tena kuna mlango ambao wengi hawaujui: uzamifu wa sayansi ya ubongo Marekani kwa kawaida hulipiwa karo yote na mwanafunzi hupewa posho ya kuishi. Yaani shahada ya ghali ndiyo ile ya kwanza, na ile ya juu ndiyo ya bure. Mwenye biokemia aliyoisomea hapa, alama nzuri, hesabu za takwimu na mwaka mmoja au miwili ya kazi ya utafiti anaweza kuiomba akiwa na deni la HELB pekee.

Nilimwambia mama kama ninavyokuambia wewe mzazi wa Sigor, wa Konoin, au wa Litein unayengoja bonasi ya majani chai ulipe karo. Ng'ombe abaki. Binti ajaze biokemia kupitia KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, na aombe HELB mapema. Wakati huohuo awaandikie wale wa Marekani, aambatanishe kurasa za daftari la maziwa kuonyesha kipato cha nyumba, awaulize kama wanaweza kulipa yote. Vyuo vingine hukubali kuangalia upya, na barua pepe hiyo haitamgharimu ng'ombe hata mmoja.