MBIO ZA HISANI NA MASHINE YA KUSHTUA MOYO VIJIJINI
Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Katika vijiji vingi vya Uingereza huonekana kisanduku cha rangi ya kung'aa kilichotundikwa katika ukuta wa ukumbi, duka au skuli. Ndani yake mna mashine ndogo ya kushtua moyo, ambayo wataalamu huiita difibrileta. Aghlabu mashine hiyo hununuliwa na wanakijiji wenyewe kwa fedha za mbio za hisani. Yafuatayo ni maelezo ya utaratibu huo, faida yake, na yale yanayopasa kufanywa baada ya mbio kumalizika.

Thamani ya dakika

Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi huwa unatetemeka ovyo bila ya kusukuma damu. Mgonjwa huanguka, hupoteza fahamu na huacha kuvuta pumzi kama kawaida. Mshtuko wa umeme unaopitishwa kifuani huukomesha mtetemeko huo na kuupa moyo nafasi ya kurejea katika mapigo yake. Kila dakika inayopita bila ya mshtuko huo, na bila ya mtu kumkandamiza mgonjwa kifua, hupunguza matumaini ya kupona kwa kiasi cha asilimia 10.

Katika England, lengo lililowekwa ni kwamba gari la wagonjwa limfikie mgonjwa mahututi kwa wastani wa dakika 7. Kwa kijiji kilicho mbali na barabara kuu, muda huo huweza kupindukia. Hivyo basi, mgonjwa huhitaji msaada wa walio karibu naye kabla ya kufika wahudumu. Kwa Uingereza nzima, kati ya kila watu 10 wanaosimama moyo wakiwa nje ya hospitali na kujaribiwa kuokolewa, wanaonusurika hawafikii hata mmoja.

Mashine ya kwanza ya kumfuata mgonjwa alipo ilitengenezwa Belfast mwaka 1965 na Profesa Frank Pantridge. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, na ikitumia betri za gari. Za leo zina uzito wa kilo chache tu. Humwelekeza mtumiaji kwa sauti, huupima moyo zenyewe, na hazitoi mshtuko pale ambapo hauhitajiki. Kwa sababu hiyo, hata asiyekuwa daktari huweza kuitumia.

Namna fedha zinavyopatikana

Mkimbiaji huchukua fomu na kupita kwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake. Kila mmoja huandika jina lake na kiasi atakachotoa, ama kwa kila maili itakayokimbiwa, ama kwa mbio nzima. Mbio zikimalizika, fedha hukusanywa na kukabidhiwa kamati. Siku hizi wengi hutoa michango yao kwa njia ya intaneti, lakini msingi ni ule ule: mtoaji humpa ahadi mtu anayemjua, naye mkimbiaji huona haya kutomaliza.

Desturi hiyo imekua sana. Mbio za London Marathon, zilizoanza mwaka 1981, zimekwisha kuingiza zaidi ya pauni bilioni 1 kwa shughuli za hisani. Aidha, Serikali ya nchi hiyo huongeza peni 25 kwa kila pauni 1 inayotolewa na mlipa kodi kwa jumuiya ya hisani inayotambuliwa. Vile vile, tangu mwaka 2008 vijiji vimeruhusiwa kununua vibanda vya simu vyekundu visivyotumika tena kwa pauni 1 tu, na vingi kati ya hivyo sasa huhifadhia mashine za moyo.

Baada ya mbio

Kununua mashine ni mwanzo wa kazi. Betri huisha nguvu. Vibandiko vya kifuani hukauka na huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa hiyo lazima awepo mtu aliyekabidhiwa dhamana ya kuikagua mashine mara kwa mara. Pia mashine hutakiwa isajiliwe katika daftari la taifa liitwalo The Circuit, ili anayepokea simu ya 999 aweze kumwelekeza mpigaji mahali ilipo. Mtu huweza kuanguka hatua mia moja tu kutoka kwenye mashine isiyosajiliwa, na mpokea simu asiwe na habari nayo.

Jambo la pili ni mikono. Wakati mmoja anakwenda kuichukua mashine, mwengine hana budi kumkandamiza mgonjwa katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Wapenzi wa mpira watakumbuka mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka uwanjani mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alianza kukandamizwa kifua, kisha akapigwa mshtuko wa mashine. Alinusurika, na mwaka uliofuata alirejea kucheza.

Mbio za hisani si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mjini Nairobi, mbio za Mater Heart Run zilianza mwaka 1993 kwa ajili ya kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Nchini Tanzania, mbio za CRDB Marathon zilianza mwaka 2020 kwa kuchangia matibabu ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Kamati ya shehia au ya kijiji inayofikiria kuandaa mbio kwa ajili ya mashine kama hiyo inapaswa kwanza kujibu masuala matatu: ni nani atakayeitunza, fedha za betri na vibandiko zitatoka wapi, na ni watu wangapi waliokwisha kufunzwa. Wahenga wamesema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na mbio huweza kukusanya michango ya wengi kwa siku moja. Ama mafunzo ya kukandamiza kifua hayahitaji kusubiri mashine wala mbio; mtu huweza kuyapata kwa mwalimu wa huduma ya kwanza, na yakamfaa siku yoyote, nyumbani, kazini au njiani.