Magazeti na TANU Usukumani

Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, huko Usukumani katika Jimbo la Ziwa. Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, leo katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, iliguswa na marufuku hiyo. Iliguswa pia Maswa, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi. Chama hakikuweza kufungua ofisi wala kuitisha mkutano halali, lakini kusoma gazeti hakukuhitaji ruhusa ya bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni. Kwa hiyo habari za chama zilipita kwenye karatasi, na ikawa muhimu kujua karatasi hiyo ni ya nani.

Wasomaji walikuwepo. Misheni ya Nassa ilianzishwa na Waanglikana wa CMS katika karne ya 19, kisha ikachukuliwa na Africa Inland Mission, na shule za misheni zilitoa watu wa kusoma na kuandika. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Magazeti ya Dar es Salaam yalisafiri kwa treni, kisha kwa malori hadi vijijini, yakiwa yamechelewa siku kadhaa. Kwa kawaida nakala moja ilipita mikono mingi: mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, na asiyekielewa Kiswahili vizuri akafasiriwa kwa Kisukuma.

Gazeti la Kiswahili lililozoeleka zaidi lilikuwa Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923. Lilipendwa kwa mashairi, barua na maarifa ya kilimo, ila siasa ya kudai uhuru haikuwa na nafasi humo. Tanganyika Standard, lililoanza 1930, liliandikwa kwa Kiingereza na kuyatazama mambo kwa jicho la serikali, walowezi na wafanyabiashara. Mwanza kulikuwa na Lumuli la Kanisa Katoliki. Neno hilo kwa Kisukuma ni mwenge.

Mkulima wa pamba alikuwa na maswali ambayo magazeti ya aina hiyo hayakuyajibu. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza miaka ya 1940 ulileta amri juu ya amri: kuchimba matuta, kupunguza mifugo, kulipa kodi ya ng'ombe. Kwa ofisi ya wilaya, huo ulikuwa utunzaji wa ardhi. Kwa mwenye zizi ilikuwa faini, na kupokonywa mali aliyorithi kwa babu zake. Gazeti lililoandika habari ya amri bila kuandika habari ya faini lilikuwa limekwisha chagua upande, hata kama kila neno lake lilikuwa kweli.

Upande wa pili ulipata sauti polepole. Kwetu la Erica Fiah lilikuwa limefungua njia tangu 1937. Katika miaka ya 1950 Zuhra la Ramadhani Mashado Plantan liliiunga mkono TANU. Mwaka 1957 likaja Mwafrika, na mwaka huohuo TANU ikaanza kutoa Sauti ya TANU, karatasi zilizochapwa kwa mashine ya kurudufu. Hapo Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, ambaye mwaka huo alikatazwa kwa muda kuhutubia hadharani, aliweza kusema kwa kalamu. Ushairi nao ulibeba siasa: Saadani Kandoro, aliyefanya kazi ya chama Jimbo la Ziwa na kuwa mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa mshairi, na shairi lake kuhusu siafu wanaomwelemea nyoka lilieleweka na kila aliyetaka kuelewa.

Serikali ilijibu kwa mahakama. Mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka huohuo Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU. Alitetewa na wakili Mwingereza D. N. Pritt, akapatikana na hatia, akaamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6. Akalipa. Kesi hiyo ilikitangaza chama kuliko karatasi yenyewe, kwa sababu hata magazeti yasiyokipenda yalilazimika kuiandika.

Miezi hiyohiyo Usukuma ulichemka. Maelfu ya watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mchanganyiko, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Kabla 1958 haijaisha, TANU iliruhusiwa katika Jimbo la Ziwa, na katika uchaguzi wa Februari 1959 Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa pamba, aliingia Baraza la Kutunga Sheria bila kupingwa.

Anayetaka kuiandika historia hiyo leo huyapata magazeti ya serikali kwa urahisi zaidi kuliko karatasi za kurudufu. Familia za Nassa, Bariadi na Maswa zenye nakala za zamani masandukuni zisizichome wala kuzifungia bidhaa. Zizipeleke Nyaraka za Taifa.