Kyoto ya Alfajiri, Osaka ya Usiku

Wengi wanaopanga safari yao ya kwanza ya Japani hukwama mahali pale pale. Tokyo wameshaitengea siku zake, zimebaki siku nne au tano, na mbele yao kuna miji miwili jirani: Kyoto na Osaka. Waende upi?

Kwenda, wanaweza kwenda yote miwili. Kati ya stesheni kuu ya Kyoto na ile ya Osaka kuna kilomita 43 za reli, na treni ya haraka ya kampuni ya reli ya JR huimaliza njia hiyo kwa nusu saa hivi, kwa nauli ya karibu yen 600. Treni za kampuni ya Hankyu hutoza yen 400 na kidogo; zinatumia muda zaidi, lakini upande wa Kyoto zinakufikisha katikati ya mji, hatua chache kutoka mtaa wa Gion. Usijisumbue kupanda shinkansen, ile treni ya mwendokasi, kwa safari fupi hivyo. Utalipa zaidi ya mara mbili, kisha ikushushe Shin-Osaka, stesheni iliyo kando, ambako itabidi upande treni nyingine kuingia mjini.

Kwa hiyo kinachochaguliwa hapa ni kitanda. Aliyelala Kyoto na aliyelala Osaka wanaweza kutembelea hekalu lile lile na kula kwenye kibanda kile kile, na bado kila mmoja akarudi nyumbani na Japani yake. Ndiyo maana mtu akiniletea swali hili simuulizi kama anapenda historia au starehe, maana kila mtu hujibu kwamba anapenda vyote. Namuuliza akiwa likizoni huamka saa ngapi, na huanza kusikia usingizi saa ngapi.

Kyoto ni ya wanaoamka mapema. Ilikuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi makao hayo yalipohamia Tokyo baada ya mapinduzi ya 1868, na katika miaka hiyo zaidi ya elfu moja ilijaa mahekalu ya Kibudha, madhabahu za Kishinto, bustani na majumba. Mwaka 1994 UNESCO iliorodhesha maeneo 17 ya Kyoto na ya majirani zake Uji na Otsu kuwa urithi wa dunia. Lakini mengi ya maeneo hayo hufunguliwa saa mbili au saa tatu asubuhi na kufungwa ifikapo saa kumi na moja jioni. Japani ilipokea wageni karibu milioni 37 mwaka 2024, na wale waliofika Kyoto karibu wote walipita vichochoro vile vile, ndani ya saa zile zile. Ukifika kwenye ngazi za Sannenzaka saa nne asubuhi utaona visogo vya watu zaidi kuliko utakavyoona nyumba za kale.

Dawa ni kuwatangulia. Kiyomizu-dera, hekalu lenye baraza maarufu la mbao lililosimama mita 13 juu ya mteremko, hufungua milango saa kumi na mbili asubuhi. Jengo lake kuu ni la mwaka 1633, na nguzo za baraza lile zimeunganishwa kwa mbao zinazopenyezana, bila msumari. Saa hiyo utakutana na wazee wa mtaani wanaofanya mazoezi ya kutembea, na mtu anayefagia majani.

Fushimi Inari haifungwi kabisa, usiku wala mchana, na haina kiingilio. Picha zake umeziona: malango mekundu ya torii, maelfu kwa maelfu, yamepangwa yakagusana mpaka yakawa njia yenye paa kupanda mlima wa mita 233. Picha nyingi hupigwa na mtu anayepanda, na anayepanda huona rangi tupu. Geuka. Upande wa pili wa kila nguzo yamechongwa maandishi meusi: jina la aliyetoa lango na tarehe aliyolitoa. Mengi ni majina ya makampuni na maduka, kwa sababu Inari, mungu wa mpunga, baadaye akawa pia mlinzi wa biashara. Mti huoza pale chini unapoingia ardhini, kwa hiyo malango hubadilishwa, na utaona jipya linalong'aa limesimama kati ya mawili yaliyopauka. Pembeni wamekaa mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari, na wengine wameuma ufunguo mdomoni. Ni ufunguo wa ghala la mpunga. Mzunguko mzima wa mlima ni saa mbili hadi tatu. Wageni wengi hukata tamaa kwenye njia panda ya Yotsutsuji, nusu ya safari, na kuanzia hapo mlima unakuwa wako.

Yote hayo yanawezekana kwa anayelala Kyoto. Anayelala Osaka naye anaweza, akiwahi treni za kwanza za alfajiri, ila kwa uzoefu wangu hufanya hivyo mara moja tu. Siku ya pili na ya tatu anafika saa nne pamoja na umati, kisha anasema Kyoto imesifiwa kupita kiasi.

Mbweha ameuma ufunguo Kyoto, lakini ghala lenyewe la mpunga lilikuwa Osaka. Mito ya Kyoto hukutana na kuwa mto Yodo unaomwaga maji kwenye ghuba ya Osaka, na katika zama za Edo, zilizotangulia mapinduzi ya 1868, mabwana wa majimbo walipeleka mchele wao kwenye maghala ya Osaka ili uuzwe. Pale Dojima, mwaka 1730, serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliidhinisha soko ambamo wafanyabiashara waliuziana kwa maandishi mchele ambao bado haujafika, na wanahistoria wa uchumi wanalihesabu miongoni mwa masoko ya kwanza duniani ya aina hiyo. Huku Kyoto ikilea adabu za ikulu, Osaka ililea maneno mengi, bei za kupatana na tumbo lililoshiba. Tofauti hiyo unaisikia mpaka leo, hata bila kujua Kijapani: Osaka muuza duka atakutania.

Sura za miji hii zimetengana pia kwa sababu ya vita. Mashambulizi ya ndege za Marekani yaliyoanza usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya Osaka. Kyoto ilikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, ikaondolewa kwa shinikizo la Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, aliyewahi kuizuru. Hata hivyo usitegemee kushuka kwenye treni ukajikuta karne ya 17. Stesheni ya Kyoto ni jengo kubwa la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1997, na mitaa inayoizunguka haina mvuto wowote. Uzuri wa Kyoto umejificha pembezoni, chini ya vilima. Mwaka 2007 halmashauri ya jiji ilipunguza urefu wa majengo ya katikati kutoka mita 45 hadi 31, ikapiga marufuku matangazo ya juu ya paa na taa za kumetameta.

Taa zote hizo utazikuta Dotonbori, kando ya mfereji wa Osaka, ambako hakuna aliyezipiga marufuku. Jua likizama, Kyoto inajifunika shuka na Osaka inavaa viatu. Hapa ndipo watu wa usiku wanapopata haki yao. Simama mbele ya kibanda cha takoyaki uangalie mikono ya mpishi. Chuma chake kina mashimo ya duara kama kikaango cha vitumbua, ila madogo na mengi. Anamimina uji mwepesi wa ngano, mayai na supu ya samaki mkavu na mwani mpaka mashimo yafurike, anatupia kipande cha pweza kila shimo, na vitunguu majani. Kisha anashika kijiti chembamba chenye ncha, anakata uji uliofurika, anausukumia ndani na kuzungusha kila donge robo duara, tena robo, hadi liwe mpira kamili. Nje linakauka, ndani linabaki uji wa moto unaounguza ulimi wa mwenye pupa. Sosi, mwani wa unga, na vipande vyembamba vya samaki mkavu vinavyocheza kwa mvuke.

Kutoka hapo nenda Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku, ukale kushikatsu: mishikaki iliyoviringishwa kwenye unga na kukaangwa. Sheria ni moja: kwenye bakuli la sosi la watu wote mshikaki unachovya mara moja, kabla hujauuma. Majiko ya Osaka hufanya kazi hadi usiku mwingi, lakini treni za mwisho huondoka karibu saa sita usiku, na baada ya hapo kurudi Kyoto kwa teksi kutagharimu zaidi ya chumba ulichokodi. Aliyelala Kyoto hula Osaka huku akitazama saa.

Kwa msomaji Mwislamu, chakula kinataka uangalifu katika miji yote miwili. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi ambayo Osaka inajivunia, kwa kawaida huwekewa nyama ya nguruwe. Unaweza kuomba ya pweza au kamba, lakini chuma cha kuchomea ni kile kile. Supu nyingi zimetiwa mirin, ambayo ni pombe ya kupikia. Osaka ina msikiti wilaya ya Nishiyodogawa na migahawa ya halali karibu yake, na Kyoto nayo ina msikiti jirani na bustani ya ikulu ya zamani. Ukiwa Osaka, Kobe ni chini ya nusu saa kwa treni ya haraka, na huko upo msikiti wa kwanza wa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935.

Usafiri wa ndani unaipa Osaka alama nyingi. Reli yake ya chini ya ardhi ilianza mwaka 1933 na inafika karibu kila unapotaka. Kyoto ina njia mbili tu za chini ya ardhi, na hazifiki hekalu la Kinkaku-ji wala Kiyomizu-dera, kwa hiyo mgeni anaishia kwenye mabasi ya yen 230, amebanwa kati ya mabegi. Ile tiketi ya siku nzima ya mabasi peke yake iliyosifiwa na vitabu vya zamani imefutwa. Iliyopo ni ya basi pamoja na reli ya chini, yen 1,100. Kodisha baiskeli kama huogopi. Katikati ya Kyoto ni tambarare na mitaa imenyooka.

Gharama za kulala hutegemea msimu kuliko mji. Maua ya sakura yakichanua, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na majani yakiwa mekundu mwezi Novemba, vyumba vya Kyoto hupanda bei vibaya, wakati Osaka ina hoteli nyingi za wafanyabiashara zenye vyumba vidogo na safi. Ongeza kodi ya malazi. Kuanzia Machi 2026 Kyoto hutoza kila mgeni yen 200 hadi 10,000 kwa usiku, kiwango cha juu kikiwa kwa malazi ya yen 100,000 na zaidi kwa mtu. Osaka haizidi yen 500. Mwenye mfuko wa kawaida hataona tofauti kubwa. Wenye watoto wadogo wasihangaike kufikiri: Osaka. Kuna hifadhi ya samaki ya Kaiyukan yenye papa nyangumi, kuna Universal Studios, na mtoto wa miaka sita hajawahi kuomba kupelekwa bustani ya mawe ya Ryoan-ji.

Wasio na watoto, nawapa Kyoto usiku mwingi zaidi, angalau tatu kati ya tano, kwa sababu Osaka hukuonjesha ladha yake kwa jioni mbili na Kyoto haikubali kuharakishwa. Iliyobaki ni mpangilio, na hapa msafiri wa Afrika Mashariki ana hesabu yake mwenyewe. Japani iko saa sita mbele yetu. Ukitua uwanja wa Kansai, kwenye kisiwa kilichojengwa baharini, ukitokea Dar es Salaam au Nairobi kupitia Dubai au Doha, usiku wa kwanza mwili wako utakuwa macho kabisa saa tano za usiku, na alfajiri ya Japani kwako itakuwa usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo akianzia Kyoto atazipoteza asubuhi zake zote. Anzia Osaka: treni ya kampuni ya Nankai inakufikisha stesheni ya Namba kwa dakika 40 na kidogo, Dotonbori iko pale pale, na utakesha ukila. Siku ya tatu mwili ukishazoea, hamia Kyoto.

Ukitokea Tokyo, umeshazoea saa za huko, na shinkansen inafika Kyoto kabla ya Osaka. Lala Kyoto kwanza, maliza Osaka, kisha uende Kansai. Kwa vyovyote vile usipande basi la Kyoto na masanduku makubwa mawili. Yaache mapokezi ya hoteli, jaza fomu ya takuhaibin, huduma ya kusafirisha mizigo, na kwa kawaida kesho yake utayakuta kwenye hoteli ya mji wa pili. Nguo za siku moja weka kwenye begi la mgongoni.