Jina na Lugha: Habari za Wasegeju na Wadaiso wa Nchi ya Tanga

Mwalimu au padre afikaye mara ya kwanza katika nchi ya Tanga hudhani kwamba kila kabila lina lugha yake, na kila lugha ina kabila lake. Akikaa miaka michache huona kwamba sivyo. Huko pwani atakutana na mtu ajiitaye Msegeju, asiyejua lugha waliyoisema babu zake wa kale. Na huko bara kidogo, chini ya milima ya Usambara, atakutana na watu wa asili ile ile ambao lugha hiyo wanayo hata leo, ila jina lao lina sura nyingine. Kwa kuwa jambo hili lagusa kazi yetu ya kufundisha, yafaa tulitazame kwa makini.

Wasegeju wa pwani hukaa tangu upande wa Vanga na Jasini hata Moa, na katika vijiji vilivyo kaskazini ya mji wa Tanga. Habari zao ni za zamani. Padre Mreno João dos Santos, wa shirika la Mtakatifu Dominiko, aliwataja kwa jina la Mosseguejos, akaeleza jinsi walivyowasaidia watu wa Malindi kuwashinda Wazimba katika mwaka 1589. Baadaye walishuka kusini, wakafanya urafiki na watawala wa Vumba, wakakaa kati ya Wadigo.

Ndugu zao wa bara ni Wadaiso, wakaao Bwiti na Magati, katika wilaya ya Mkinga. Lugha yao, Kidaiso, si jamaa ya karibu ya Kidigo wala ya Kishambaa, ingawa imezungukwa nazo. Imo katika jamaa ya Kikamba, Kikuyu na Kimeru, lugha za nchi zilizo mbali sana upande wa kaskazini. Mtaalamu Derek Nurse ameyaeleza hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Na majina yenyewe yatoa ushahidi wake: katika masimulizi ya Wakikuyu na majirani zao limo jina la kale, Thagicu, na wataalamu huona kwamba Segeju na Daiso ni jina hilo hilo, lililogeuzwa na vinywa mbalimbali.

Basi, ilikuwaje ndugu hawa wakaachana kwa lugha? Hapana shaka sababu kubwa ilikuwa ndoa na ujirani. Wasegeju wa pwani walioa kwa Wadigo, na mtoto hujifunza kusema mapajani pa mama yake, wala si barazani pa baba. Babu akisema lugha ya kwao, mjukuu alimjibu kwa lugha ya wajomba. Hata leo lugha ya pwani iitwayo Kisegeju inafanana sana na Kidigo, na wengi wao husema Kiswahili. Wale waliokaa mbali na pwani walibaki na lugha yao, ingawa hiyo nayo imepokea maneno mengi ya Kidigo, Kishambaa na Kiswahili.

Hapa yatupasa kuangalia neno la wahenga: mwacha asili ni mtumwa. Je, Msegeju wa Moa ameacha asili yake? Mwenyewe atakataa. Anao ukoo wake, anayo makaburi ya wazee wake, anazo habari za safari ya kutoka kaskazini, na jina lake hakulibadili. Wala lugha mpya hakuletewa kwa fimbo. Kwa Kidigo alipata wakwe na wajomba. Kwa Kiswahili alipata soko, msikiti na heshima ya watu wa mji. Aliacha maneno, lakini hakuyaonea haya. Kwa hiyo lugha si asili yote ya mtu. Ni mlango mmoja wa nyumba yake, nao ni mlango ule ambao majirani huingilia.

Twaweza kuona jambo hilo hilo kwa mtu mmoja. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na mji wa Tanga, katika jamaa ya asili ya Wayao. Lugha aliyoitukuza kwa mashairi na insha mpaka kufa kwake mwaka 1962 ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hakikumwibia kitu. Kilimpa sauti iliyosikika mbali kuliko sauti ya kabila lolote.

Lakini yako mabadiliko ya namna nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa, maana kitabu kimoja kiliweza kusomwa katika nchi nyingi. Hata hivyo mtoto aliyelelewa katika Kimtang'ata, Kiswahili cha pwani iliyo kati ya Tanga na Pangani, aliweza kukuta kwamba maneno ya nyanya yake yamekuwa makosa yenye kutiwa alama nyekundu. Hakuhama, wala hakuoa kwa watu wengine. Ameketi pale pale kwao, naye ameambiwa kwamba hajui kusema. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mambo mawili kwa siku moja: neno jipya, na aibu. Neno jipya litamfaa. Aibu itamfundisha kunyamaza mbele ya mwalimu, kisha kuwacheka wazee wake. Huo ndio utumwa walioutaja wahenga.

Wamisioni wa kwanza wa Bonde walilitambua jambo hili kwa sehemu. Padre Woodward alikusanya maneno na kanuni za Kibondei katika kitabu kilichotoka mwaka 1882, wakati Kiswahili kilikuwa tayari kina kitabu cha Steere tangu mwaka 1870. Aliona kwamba ajaye kufundisha watu hana budi kwanza kujifunza kwao. Na katika Maandiko twasoma kwamba Petro alitambuliwa uani kwa matamshi yake ya Kigalilaya, akaogopa, akakana. Lakini siku ya Pentekoste Mgalilaya huyo huyo alisimama akanena, na kila mtu akasikia kwa lugha ya kwao. Matamshi yaliyomtia hofu hayakumzuia kuhubiri.

Hali ya Kidaiso sasa ni ya kuhofiwa. Wasemaji wake ni wachache, shule za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na vijana huenda Tanga kutafuta kazi. Sisi hatuwezi kuizuia njia ya watu, wala si haki yetu kumkataza mzazi kumpa mwanawe lugha itakayomfaa. Lakini mambo matatu tunayaweza. Kwanza, tusimwulize mtoto kabila lake kwa kusikiliza ulimi wake tu. Tumwache aseme mwenyewe yeye ni nani. Pili, tunapomsahihisha, tumwambie, "Kitabuni twasema hivi," wala tusimwambie, "Kwenu mwasema vibaya." Tatu, tuwaandike wazee. Daftari moja yenye majina ya miti, ya samaki, ya jamaa na ya ibada za mazishi, iliyoandikwa kwa uangalifu huko Bwiti au Magati, itakuwa hazina kwa wajukuu ambao pengine hawatajua kusema lugha hiyo.

Msegeju wa pwani alibadili lugha, akabaki na jina lake kwa fahari, kwa sababu hapana aliyemfundisha kuionea haya. Mwanafunzi wetu naye atabadili mengi. Kazi yetu ni kuona kwamba afanyapo hivyo, afanye kama mtu huru.