Ukikosewa Adabu Mbele ya Watu

Ni nadra mtu aendaye mjini kurudi nyumbani bila kukutana na jambo la kumchukiza. Mmoja hujipenyeza mbele ya foleni kana kwamba wale waliosimama tangu alfajiri ni miti. Mwingine, akiwa ndani ya matatu, hufungulia simu yake muziki au mahubiri kwa sauti kubwa, hata mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake akaamka akilia. Wa tatu hula muhindi na kulitupa gunzi dirishani bila kutazama ni nani apitaye. Watu wote huona, wote hukasirika, na karibu wote hunyamaza. Kisha wafikapo nyumbani huyasimulia mambo hayo kwa ukali ambao hawakuwa nao kule yalikotendeka. Tutakalo kulieleza leo ni hili: yule aliyekosewa afanye nini palepale, asiwe mnyonge wala asizue ugomvi mkubwa kuliko kosa lenyewe?

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini jambo hili ni gumu zaidi mjini kuliko kijijini. Kijijini, mtoto akimpita mzee bila kumwamkia, mzee hana haja ya kufikiri sana. Humwita, "Wewe, mtoto wa fulani, hebu rudi hapa," na kosa hutengenezwa papo hapo. Maneno hayo yana nguvu si kwa sababu ya ukali, bali kwa sababu mzee amjua mtoto, na mtoto naye ajua ya kwamba habari zake zitamfikia mama yake kabla ya jua kuchwa. Katika steji ya mjini hakuna ajuaye huyu ni mwana wa nani. Mtu asiyejulikana haoni haya upesi, na yule atakaye kumwonya hana jina la baba wala la ukoo la kumtajia. Wote wawili ni wageni, na kila mmoja amwogopa mwenzake kidogo.

Kanuni za magari ya abiria zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2003 zaonyesha ya kuwa jambo hili la jina si dogo. Watu walizoea kuziita Kanuni za Michuki, kwa jina la John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, na zilianza kushikiliwa kwa nguvu mwezi wa Februari 2004. Wengi wanazikumbuka kwa mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Walakini kanuni hizo ziliagiza pia ya kwamba dereva na kondakta wavae sare, na kila mmoja awe na beji yenye picha yake. Huenda mtu akauliza, beji yasaidia nini wakati gari liendapo mbio? Pengine haisaidii sana. Lakini kondakta aliyevaa beji amekuwa mtu mwenye jina, na abiria aweza kumwambia, "Bwana fulani, nirudishie chenji yangu," badala ya kumpigia kelele "wewe makanga!" Mwenye kuitwa kwa jina hujibu kwa namna nyingine kabisa.

Basi, ikiwa hatulijui jina la mtu, tumwite nani? Hapa lugha yetu imetupa msaada ambao mara nyingi twausahau tukiwa na hasira. Mama, mzee, ndugu, dada, mwanangu: haya ni majina ya jamaa ambayo tumeruhusiwa kuwaazima hata wageni. Nitaeleza jambo moja nililoliona mwenyewe nikisafiri kutoka Nakuru kwenda Nairobi. Kijana mmoja alikuwa amefungulia simu yake nyimbo tangu tulipoondoka. Tulipofika karibu na Gilgil, bwana mmoja wa makamo aliyeketi mbele aligeuka akafoka, "Zima upuuzi huo! Kwani kwenu hamfunzwi adabu?" Kijana hakujibu neno, ila sauti ya nyimbo ilizidi. Tukaenda hivyo mwendo mrefu, watu wakinung'unika midomoni. Ndipo mama mmoja aliyekuwa na kikapu magotini akamwelekea kijana yule akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, kichwa chaniuma tangu asubuhi. Hebu nipunguzie kidogo." Kijana akasema, "Samahani, mama," na badala ya kupunguza, akazima kabisa.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Yule bwana alikuwa na haki yote. Simu ilikuwa ikituudhi sote. Kosa lake ni kuwa aliiacha simu akaingia nyumbani kwa kijana. Alipotaja "kwenu", aliwagusa baba na mama ambao hawakuwamo garini, na tangu hapo kijana hakuwa akitetea nyimbo tena, alikuwa akiwatetea wazazi wake. Nani awezaye kukubali kushindwa katika shauri la namna hiyo mbele ya abiria 13? Yule mama aliomba jambo dogo, akatoa sababu inayomhusu yeye mwenyewe, na neno "kidogo" likampa kijana nafasi ya kutenda wema zaidi ya alioombwa. Tena hakungoja hadi hasira imjae. Anayenyamaza muda mrefu mwishowe husema kwa sauti asiyoikusudia.

Kabla ya kusema lolote, hata hivyo, ni vizuri mtu ajiulize kama alichokiona ni utovu wa adabu kweli. Miji yetu imekusanya watu wa kila kabila na kila desturi. Mtu wa Mombasa au Lamu, akijiwa na mgeni amwulizaye njia bila hata salamu, humwona mgeni huyo hakulelewa. Kwake yeye hujambo, habari za kutwa, na samahani nakuuliza, ndiyo mlango wa maneno. Mtu wa Nairobi aliyeharakisha kuuliza naye hakuwa na nia mbaya; alidhani amemhurumia mwenzake kwa kutompotezea wakati. Kadhalika, mwanamke mjamzito au mgonjwa anayepelekwa mbele ya foleni hospitalini hajamwibia mtu zamu yake. Na yule mzee asiyesogea ukimwambia "nipishe" huenda ni kiziwi. Swali la upole, "Samahani mzee, umo kwenye foleni?" halimdhuru mwenye haki, na mwenye hila huliona kuwa onyo.

(Neno "foleni" nalitumia kwa kusudi. Wako wazee ambao wakisikia "mlolongo" hukumbuka mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya wagombea katika mchujo wa chama cha KANU, na mara nyingine aliyekuwa na mstari mfupi akatangazwa mshindi. Hilo lilikuwa kosa la adabu la namna yake.)

Yako makosa ambayo si juu ya abiria kuyapigania peke yake, maana sheria imekwisha kuyakataza. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imezuia kuvuta sigara katika mahali pa watu wote, magari ya abiria yakiwamo. Kuhusu makelele, kanuni zilitolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Ajuaye hayo hana sababu ya kugombana na mvutaji. Aseme na kondakta, au na mwenye hoteli, au na karani wa zamu, kwa kuwa hao ndio wenye mahali pale na ndio wapasao kujibu. Ni rahisi pia kwa mkosaji kumtii mwenye mahali kuliko kumtii mtu waliye sawa naye.

Lakini itakuwaje ikiwa kondakta mwenyewe ndiye mkosaji? Hapa ndipo penye shida, na ndipo wengi wetu tunapokosa bila kujua. Tuseme kondakta amemtukana mama mzee kwa sababu amechelewa kupata nauli katika kitambaa alichoifungia. Abiria mmoja asema, "Ndugu, usimwambie mama hivyo." Wengine wote watazama nje kana kwamba wahesabu nguzo za umeme. Kondakta acheka, na yule aliyesema ajiona mpumbavu. Siku nyingine hatafungua kinywa. Sauti moja hudhaniwa kuwa ni ugomvi wa watu wawili. Sauti ya pili ikisema tu, "Kweli, bwana huyu asema sawa," mambo hubadilika, maana sasa kondakta aona ya kwamba haikuwa chuki ya mtu mmoja, ni desturi ya gari zima. Sauti ya pili haina gharama kubwa. Haihitaji ufasaha wala ujasiri mwingi. Mimi naona ni yenye thamani kuliko ile ya kwanza, na ni haba kupita kiasi. Wakati mwingine hata maneno hayahitajiki: mtu aweza kumgeukia mama yule mwenyewe, akamsaidia kufungua kitambaa, akamwuliza ashukia wapi. Kondakta ataachwa na matusi yake bila wa kuyapokea.

Bila shaka ziko saa za kunyamaza. Mlevi haonyeki akiwa amelewa. Mtu ambaye amekwisha kunyanyua mkono, au aliye pamoja na wenzake usiku mahali pasipo watu, si wa kufunzwa adabu. Shuka, ondoka, ukapige ripoti kituoni. Kuondoka hapo si woga.

Sasa yapasa tuseme habari ya jambo baya zaidi, ambalo huvaa nguo za adabu. Mwezi wa Novemba 2014, katika steji moja mjini Nairobi, kundi la wanaume lilimzunguka mwanamke likamvua nguo kwa nguvu, likidai ya kwamba amevaa nguo zisizo za heshima. Picha zake zikaenezwa kwa simu nchi nzima. Wanawake wengi, na wanaume pamoja nao, waliandamana katika barabara za Nairobi mwezi uo huo wakisema ya kuwa vazi la mtu ni hiari yake. Kabla mwaka haujaisha Bunge likaongeza katika Sheria ya Makosa ya Jinai kifungu cha 251A: amvuaye mtu nguo kwa nguvu ili kumvunjia heshima atafungwa kwa muda usiopungua miaka 10.

Fikirini jinsi jambo lile lilivyokwenda. Wale watu walijiita walinzi wa adabu. Wala katika kundi lile hapakuwa na aliyemwita mwenzake kwa jina, wala aliyemwita yule mwanamke dada au mwanangu. Mmoja peke yake asingethubutu. Wengi pamoja walithubutu kwa sababu kila mmoja alijificha nyuma ya mwingine. Hii ndiyo hatari ya kuyakusanya macho ya watu juu ya mtu mmoja. Kwa hiyo sauti ya pili niliyoisifu hapo juu ina mpaka wake: hunena juu ya tendo lililomwumiza mtu mwingine, si juu ya nguo, sura au kabila la mtu ambaye hakumgusa yeyote; na mkosaji akisha kuacha, nayo hunyamaza. Ukiona watu wamekwisha kumzunguka mtu na maneno yamekwisha kuwa makelele, kazi yako si kuongeza lako. Ni kumtoa mtu huyo katikati, awe amekosa au hakukosa.

Na zile simu? Siku hizi mtu akiona ubaya, jambo la kwanza ni kuinua simu apige picha. Sisemi picha hazina faida. Hakimu na polisi huzihitaji. Lakini picha ya yule mwanamke iliyotazamwa na watu wasiohesabika ilimvua nguo mara ya pili. Mwenye simu ana mkono mwingine usio na kitu, nao ungeweza kumpa yule mama leso.

Mambo madogo, kwa upande mwingine, huweza kumalizwa kabla hayajaanza, kwa mpango mzuri tu. Katika Vituo vya Huduma, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, mtu hupewa karatasi yenye namba, akaketi mpaka namba yake iitwe. Hakuna wa kumwuliza mwenzake nani alitangulia. Palipokuwa na kusukumana, sasa watu wanasinzia. Wenye maduka na zahanati ndogo ambao hawana mashine ya namba waweza kukata vipande vya katoni na kuviandika kwa kalamu. Nimeona zahanati moja ikifanya hivyo, na mlinzi wa mlangoni, ambaye zamani alikuwa akipiga watu makelele kutwa, sasa kazi yake ni kuvikusanya vile vipande jioni.

Limebaki neno la mwisho, nalo ni la yule aliyeonywa, kwa kuwa hakuna mmoja wetu asiyepata kuwa yeye. Labda ulikuwa na mawazo mengi ukapita mbele ya foleni bila kuiona. Labda ulikuwa ukizungumza na ndugu yako aliye mbali ukasahau ya kuwa gari zima lajua sasa habari za shamba lenu. Mtu akikugusa bega, hata kama hakuchagua maneno yake vema, neno lipasalo ni "samahani", pasipo kueleza na pasipo kuapa. Rudi nyuma, au punguza sauti. Kijana yule wa Gilgil alipokwisha kuzima simu yake, hakuna aliyemtazama tena. Mama mwenye kikapu alimwuliza kama naye ashuka Naivasha, wakaanza kuzungumza habari ya bei ya viazi.