Kusaka hazina kwa setilaiti: Hatari iliyo ndani ya kalavati

MCHEZO wa kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti, ujulikanao kama jiokeshi, unaweza kuchezwa popote penye anga wazi, na ukanda wa Ziwa Victoria una mahali pengi panapoufaa. Hata hivyo, mchezaji aelekeaye nyanda za Kano, karibu na Kisumu, hana budi kujua ni wapi asithubutu kuingia.

Mchezo huu ulizaliwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yatumiwayo na raia. Kifaa kilichoweza kukosea kwa takriban mita 100 kikawa kinamfikisha mtu karibu kabisa na alikokusudia.

Mnamo Mei 3 mwaka huo, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Portland, kisha akatangaza latitudo na longitudo zake kwenye intaneti. Wasomaji waliisaka na kuipata.

Kanuni ni chache. Aliyekiona kisanduku hutia sahihi katika daftari lililomo na kukirudisha kilipokuwa. Akitwaa kitu, huacha kingine chenye thamani hiyo au zaidi. Anayeficha hupaswa kuomba idhini ya mwenye ardhi, na hachimbi shimo.

Wafichaji hupenda pembe zisizoonekana upesi, kama vile chini ya madaraja na kwenye kalavati, yaani mapito ya maji yaliyojengwa chini ya barabara, reli au mifereji. Hapo ndipo penye hatari.

Mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa miaka ya 1960, hupata maji yanayovutwa kwa pampu kutoka Mto Nyando na kugawanywa kwa mifereji. Mto huo hukusanya maji ya nyanda za juu za Nandi na Kericho. Mvua kubwa ikinyesha huko, Kano huweza kufurika ilhali anga yake ni kavu. Aliyeinama ndani ya kalavati hayaoni maji yajapo, wala hana pa kukimbilia.

Hilo limewahi kutokea kwingineko. Mnamo Juni 2018, watu wanne waliokuwa wakisaka kisanduku katika mtaro wa chini ya ardhi jijini Prague walikumbwa na maji ya dhoruba ya ghafla. Wawili walifariki.

Hata maji yaliyotulia si salama, kwani konokono wa mifereji na wa ufuo wa ziwa hueneza kichocho.

Aidha, kisanduku kilichofichwa huweza kuzua hofu. Mnamo 2011, mjini Wetherby, Uingereza, wataalamu wa mabomu walilipua kimoja wakidhani ni kilipuzi.

Mahali pazuri zaidi hapakosekani. Pana mstari wa Ikweta huko Maseno, na miamba ya Kit Mikayi kando ya njia ya kwenda Bondo. Lakini Kit Mikayi ni mahali pa ibada pia, hivyo ni wajibu kuwaomba wazee ruhusa kwanza.

Kwa ufupi, kisanduku kifichwe pale ambapo hata mtoto ataweza kukifikia bila kukanyaga maji.