Mchukuzi wa Shaba katika Picha za Nairobi

Atazamaye picha za zamani za Nairobi hakosi kuiona Barabara ya Delamere, ambayo sasa huitwa Kenyatta Avenue. Ni pana mno, nayo ilipimwa hivyo, kama isemwavyo, ili magari ya ng'ombe yapate kugeuka. Katika picha zilizopigwa tangu 1928 waonekana humo watu watatu wa shaba: askari wa K.A.R., askari Mwarabu, na mchukuzi wa mizigo. Waliwekwa kuwa ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliokufa katika Vita Kuu ya 1914-1918, na maneno yaliyo chini yao yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Majina hayamo. Wachukuzi walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi, wakazikwa pasipo alama. Ilipofika mwaka 2021 ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipoomba radhi. Sanamu ya Lord Delamere, iliyosimama katika barabara hiyo hiyo, iliondolewa wakati wa Uhuru, 1963. Mchukuzi yungali pale, na wapita njia wengi hawageuzi hata shingo.